Amplifaya ya Baba

4 Februari

Mdogo wangu kitinda mimba,

Barua yako ya mwaka jana nimeiweka chini ya cherehani siku zote hizi, na kila nikikanyaga pedeli naona unanitazama. Basi leo nakujibu. Sisi wazima. Mpwa wako ameng'oka meno mawili ya mbele kwa mpigo na sasa akisema "shikamoo" unahitaji kitambaa cha kujifutia. Mimi nimezama kwenye sare za shule, kola juu ya kola, hadi nikifumba macho naona kola.

Baba yupo. Anakula vizuri, anatembea hadi kona na kurudi, gazeti analisoma mpaka matangazo ya vifo, na makosa ya uchapaji bado anayazungushia kalamu nyekundu kana kwamba wenye gazeti watapita hapa kuyachukua. Miaka thelathini na nne mbele ya mashine za chapa haimtoki mtu kwa kustaafu tu.

Sasa jambo lenyewe. Unawakumbuka Mapacha, zile spika mbili kubwa alizouziwa na daktari aliyekuwa anahama, ambazo mama alikuwa akizifunika vitambaa kama wageni wenye baridi. Amplifaya yake ya zamani imekufa. Nikaenda kwa yule mwenye duka la redio tunayemwita Profesa Waya, akanipa nyingine ndogo inayong'aa, imeandikwa wati elfu moja. Tumeifunga. Inaimba kidogo, halafu inajizima yenyewe kama mtu aliyesusa. Baba anasema Mapacha wananong'ona tu, hawana nguvu. Siku nzima anazungusha vitufe na kununa.

Wewe ndiye fundi wa sauti, kumbi za watu unazifungia spika. Tuambie tutafute amplifaya gani. Wala usiniulize kama yeye ndiye aliyenituma. Hakunituma.

Dada yako


19 Februari

Dada,

Shikamoo, na hizo kola zako pia nazisalimia. Mimi nipo. Wiki hii tumefunga spika kwenye ukumbi wa harusi ambao mwenyewe anataka sauti ifike barabarani lakini majirani wasilalamike. Nimemwambia achague moja.

Profesa Waya amekuuzia maandishi. Zile wati elfu ni za kwenye boksi. Amplifaya ya kweli ijaribu kwa mkono: ukiinyanyua ikawa nyepesi kama mkate, irudishe. Uzito ni transfoma, na transfoma ndiyo tumbo lake.

Tatizo la Mapacha ni ulafi. Spika nyingine ukizipa wati moja zinaimba, Mapacha ukiwapa wati moja wanapiga miayo. Sanduku lao limefungwa kote, halina tundu la kupumulia, ndiyo maana besi yao ni safi, lakini ndiyo maana pia wanakula umeme kama wako kwenye mashindano. Tena ni wa omu nne. Maana yake wanavuta umeme mwingi kuliko amplifaya ndogo inavyoweza kutoa, na ikizidiwa inajizima ili isiungue. Haijasusa, inajiokoa.

Kabla sijakutajia yoyote nijibu haya. Chumba kina ukubwa gani? Baba anakaa umbali gani na spika? Kitufe cha sauti anakifikisha wapi? Amplifaya inapata moto? Na je, sauti za juu, zile za matoazi na za "s" kwenye maneno, bado zinatoka?

Nimepiga simu Jumapili tatu mfululizo, umepokea wewe zote. Mara ya mwisho alipoishika yeye, mwaka juzi, alisema "haya" mara tatu akakata. Sidai kitu. Nauliza tu kama hajambo.

Mdogo wako


11 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu mpwa wako alikuwa na homa, amepona, ameanza tena kunivunjia sindano.

Nimepima chumba kwa tepu yangu ya kushonea, usinicheke: mita tano kwa nne. Kiti cha baba zamani kilikuwa karibu na mlango. Sasa amekisogeza, yuko hatua moja na nusu kutoka kwa Mapacha, magoti yanakaribia kuwagusa. Kitufe anakizungusha mpaka mwisho. Amplifaya inapata moto wa kupigia pasi. Sauti za juu kwa Pacha wa kushoto hazitoki tena, pamebaki mkwaruzo.

Jirani yetu mwalimu amekuja mara mbili kwa adabu zake zote kuomba apunguziwe, anasahihisha madaftari. Baba alimwitikia kwa kichwa, akamkaribisha chai, hakupunguza.

Kuhusu simu, baba hataki simu. Ndiyo hivyo, usinichimbe. Niambie amplifaya.

Dada yako


28 Machi

Dada yangu,

Mpwa wangu mwambie sindano si peremende. Huku mvua imetuharibia kazi mbili, nimekaa karakanani kwangu nikilehemu vitu vya watu na kunywa chai isiyo na ladha.

Majibu yako yametosha. Twita ya kushoto, kile kispika kidogo cha sauti za juu, imeungua, na aliyeiunguza ni hiyo amplifaya ndogo. Watu hudhani nguvu nyingi ndizo zinazoua spika. Mara nyingi ni nguvu chache zinazolazimishwa: amplifaya ikifika mwisho inaanza kukatakata sauti, na vipande vile vyote vinamwangukia twita, mdogo wa nyumba.

Kwa hiyo usinunue chochote. Nimepata moja hapa, imetoka studio iliyofungwa. Ni nzee, haina taa za kupendeza, lakini inatoa wati mia mbili za kweli kwa kila Pacha, na mzigo wa omu nne inaubeba bila kutoa jasho. Nimeifungua, nimebadilisha kila kilichochoka, nimeipima siku mbili. Inakuja na lori la wiki ijayo pamoja na twita mpya. Inyanyuliwe na watu wawili. Anza na kitufe chini kabisa, upande polepole. Sijawahi kumfanyia baba kitu nikakiangalia nikaridhika, lakini hiki nimeridhika nacho.

Ndani ya boksi kuna kanda pia. Nataka aisikilize peke yake.

Unajua kwa nini. Ile barua niliyomwandikia baada ya mazishi ya mama, kwamba gari liliharibika njiani ndiyo maana sikufika, alinirudishia. Sidhani kama nilikuonyesha. Alikuwa amepigia mstari mwekundu kwenye "gari liliharibika" na pembeni ameandika: "Ukurasa huu una kosa. Sahihisha, kisha ulete tena." Ni miaka sita sasa. Nimekaa na karatasi mara nyingi kuliko nywele zangu, na mkono unakataa. Nyumbani kwetu kila jambo la maana lilikuwa la kuandika, hata kuomba viatu tuliandika na tarehe tukaweka, lakini hili mkono wangu hauliwezi. Mdomo nimeuweza. Nimerekodi hapa karakana, nimefunga mlango, nimesema yote.

Amplifaya hiyo haitamficha hata pumzi yangu. Ndiyo maana nimeichagua.

Mdogo wako


16 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mzigo umefika salama. Fundi wa jirani amefunga twita. Amplifaya inafanya kazi vizuri sana, haijajizima hata mara moja. Baba amesikiliza kanda. Amenyamaza, unamjua.

Nina kazi nyingi, nitaandika.

Dada


30 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mpwa wangu hajambo? Meno yameota?

Barua yako nimeisoma kila nilipopata dakika. Amenyamaza vipi? Alinyamaza akakaa, au alinyamaza akaondoka? Hakukohoa? Hakuuliza kitu? Maana nimesema mle ndani jambo ambalo mtu hawezi kulisikia akabaki kama alivyokuwa. Angenitukana ningefurahi. Angesema nisikanyage tena hapo ningelijua la kufanya na maisha yangu.

Na wewe uliisikia? Niambie ukweli.

Mdogo wako


2 Juni

Dada,

Mwezi mmoja na siku tatu. Sipigi simu kwa sababu naogopa utakachosema, na pia naogopa usiposema kitu.

Jana nilikuwa nafunga spika kwenye ukumbi wa mikutano, nikasimama hatua moja na nusu kutoka kwenye spika kupima, na amplifaya ilikuwa ndugu ya ile niliyowapelekea. Kitufe kilipofika nusu nilirudi nyuma bila kupenda, masikio nimeyaziba kwa mikono, wenzangu wakanicheka. Nusu tu. Nikasimama hapo katikati ya ukumbi nikamkumbuka baba na kiti chake.

Mimi ni fundi wa kazi hii miaka kumi na moja, na nimekuwa mjinga. Chumba cha mita tano kwa nne, jirani analalamika nje ya ukuta, halafu mtu aliye na magoti kwenye spika anasema zinanong'ona. Uliniandikia yote. Kila kipimo ulinipa kwa tepu. Nikakaa kumlaumu Profesa Waya.

Ameanza lini? Mashine za chapa zile, miaka thelathini na nne, hata pamba za masikio hawakuwapa.

Dada, baba anasikia?


21 Juni

Mdogo wangu,

Sina salamu leo, nisamehe. Nimeanza barua hii mara nne.

Hasikii. Sikio la kulia lilikwenda miaka minne iliyopita, la kushoto lilifuata mwaka juzi. Daktari wa masikio alimpima, akamwekea kile chombo, baba akasema anasikia nyuki ndani ya kopo. Hakukivaa tena. Daktari aliniita pembeni akasema kilichobaki ni kidogo na kitaondoka. Ile Jumapili aliyokwambia "haya" mara tatu, alikuwa ameishika simu kama ulivyomzoea, ananitazama mimi, na hakupata hata neno. Alipokata alikwenda kukaa uani. Nilikuacha udhani ni hasira.

Aliniapisha. Alisema, "Usimwambie. Akija, aje kwa sababu yake. Asije kwa sababu ya masikio yangu." Nikaapa. Nami nilichoka kuwa katikati yenu, nikaona bora nikae kimya, kimya changu hakitamuumiza mtu. Kimeumiza kila mtu.

Utaniuliza basi kwa nini nilikuandikia habari za amplifaya. Kwa sababu baba alisema ni amplifaya. Alisema kwa uhakika kabisa, akiwa ameshika bisibisi, na mimi nilitaka sana iwe ni amplifaya. Kitu kilichoharibika ambacho wewe unaweza kukitengeneza. Nilijidanganya kwa kukupimia chumba.

Sasa kanda. Ilikuwa saa tisa alasiri. Nilimwandikia kwenye kipande cha karatasi kwamba ni yako, kwamba umetaka aisikilize peke yake. Akavaa shati. Ndiyo, alivaa shati la kutokea. Akanionyesha mlango kwa kidole, akakaa, akakizungusha kitufe chako mpaka mwisho.

Mimi nilikuwa barazani nampima mteja kiuno. Ikatoka sauti yako, "Baba, ni mimi," na vioo vya dirisha vikatetemeka. Uliichagua vizuri hiyo amplifaya, pumzi yako tuliisikia. Mtaa mzima uliisikia. Muuza nyanya alisimama na mizani mkononi. Mwalimu alitoka na daftari la mtu. Ukasema gari halikuharibika. Ukasema ulipanda, ukakaa dirishani, ukashuka kituo cha pili kwa sababu uliogopa kumwona mama amelala mgonjwa vile, ukarudi chumbani kwako ukazima simu siku tatu. Mteja wangu aliniondolea tepu mkononi polepole, akaniambia, "Nitarudi kesho, mama."

Nilikimbia ndani. Baba alikuwa ameweka viganja vyake juu ya Mapacha, kimoja huku, kimoja kule, macho ameyafumba, kama alivyokuwa akiweka mkono kwenye mashine ya chapa kujua inakwenda sawa. Machozi yamemjaa usoni. Nikadhani amesikia. Mdogo wangu, kwa dakika nzima nilidhani Mungu ametenda. Akafungua macho akaniona, akaniuliza, "Anasema nini?"

Karatasi ilikuwepo. Kalamu ilikuwepo. Ningeweza kumwandikia. Lakini nilikuwa na hasira na wewe ambayo sijawahi kuwa nayo na mtu. Mama aliniuliza siku mbili kama umefika, na mimi ndiye niliyekuwa namwambia yuko njiani, mama, yuko njiani. Alikufa anaangalia mlango. Nikachukua kalamu nikaandika, "Anakusalimia." Baba akaisoma ile karatasi muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwemo. Akasema, "Salamu gani ndefu hivyo." Akaikunja akaitia mfukoni.

Tangu siku hiyo anaicheza kanda kila alasiri, na viganja vyake juu. Nimemwomba apunguze, hataki, anasema akipunguza haimfiki mikononi. Mtaa umezoea. Muuza nyanya anaijua kwa moyo. Mtu pekee asiyeijua ni yule uliyemwambia.

Kiapo nimekivunja, haya. Sijui kama nimekusamehe. Nakuandikia tu mambo yalivyo.

Dada yako


3 Julai

Dada yangu,

Usinisamehe haraka. Sikujua kwamba aliniuliza. Sikujua kwamba ulikuwa unamjibu kwa ajili yangu. Nimelia kazini mbele ya watu, wakadhani nimepigwa na umeme.

Mimi nauza sauti. Watu wananiita nikawafanyie wasikike. Kwa baba pekee nilitakiwa kushika kalamu, na aliniambia hivyo kwa maandishi mekundu, nikamtumia mashine.

Kwenye bahasha hii kuna bahasha ndogo. Ni ukurasa mmoja. Mkono umekataa, nikaandika nao hivyo hivyo, herufi zimepinda. Hakuna kitu kipya ndani kwako wewe na muuza nyanya. Mpe. Usimwambie kwamba umenieleza habari ya masikio, sijaigusa. Nimeandika tu kuhusu gari, kituo cha pili na mama.

Sijaomba kuja. Nimeandika kwamba akitaka nije nitakuja, na asipotaka nitaelewa.

Mdogo wako


24 Julai

Mdogo wangu kitinda mimba,

Hatujambo. Mpwa wako jino moja limechomoza. Kola zimeisha, sasa nashona mapazia ya zahanati.

Bahasha yako nilikaa nayo siku tatu, nakiri. Siku ya nne nikampa baada ya chakula cha mchana. Aliipeleka dirishani penye mwanga, akasoma amesimama. Akasoma tena. Nilijifanya naokota pini sakafuni, na pini zilikuwa zimeisha kitambo. Alipomaliza alikaa kitini, akaangalia nje, akasema kwa sauti kubwa, maana sasa hajui kipimo, "Kituo cha pili ni karibu. Angeweza kurudi hata kwa miguu."

Nikadhani ndiyo yameisha hivyo.

Lakini baadaye kidogo alitoa mfukoni ile karatasi niliyomwandikia, ya "anakusalimia", imechakaa kwa kukunjwa, akaiweka juu ya ukurasa wako, akanitazama. Nililia mpaka mpwa wako akaja kuniuliza nimeumwa na nini. Baba alinishika kichwa kama nilipokuwa mdogo. Akasema, "Mwambie aje kabla macho nayo hayajachoka." Nimeyaandika maneno yake kama yalivyo, sikuongeza wala kupunguza.

Kanda hakuicheza siku hiyo. Mwalimu alikuja kuuliza kama mzee anaumwa.

Jioni alikuwa amekaa karibu na Mapacha, amplifaya imezimwa. Akaniita. Akaniuliza, "Sauti yake ikoje siku hizi? Imekuwa nzito?"

Nikatafuta karatasi. Nikaandika, "Inafanana na yako, baba."

Akasoma. Kisha akasema, "Yangu nimeisahau."

Dada yako